Neno la ubaba na deni lake kwa mama

Mwaka 59 KK, mjini Roma, kijana wa miaka ishirini hivi aliyeitwa Publius Fonteius alipata mtoto wa kiume aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka kumi. Mtoto huyo alikuwa Publius Clodius, mwanasiasa machachari wa mojawapo ya koo kongwe za tabaka la juu. Clodius aliutaka utribuni, cheo cha kuwatetea makabwela, na mtu wa tabaka lake hakuruhusiwa kukishika. Njia ikabaki moja: atafute baba wa tabaka la chini. Julius Caesar, aliyekuwa konsuli mwaka huo na pia kuhani mkuu, akafanikisha utaratibu. Fonteius akamwasili Clodius, kisha papo hapo akamwachia ajitegemee. Mwaka uliofuata tribuni huyo mpya alimsukumia mwanasiasa na mwandishi Cicero uhamishoni. Cicero aliporudi alilalamika kwa uchungu kwamba kuasili kule kulikuwa ulaghai mtupu. Alikuwa na haki ya kulalamika. Hata hivyo, kwa muda ule mfupi, kijana yule alikuwa *pater* wa mtu aliyemzidi miaka.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu tunaishi katika miaka ambayo ubaba umegeuka kuwa neno la maabara. Redio na mitandao inashindana kutangaza habari za wanaume waliobambikiwa watoto. Vijana wanashauriana kupima vinasaba kabla hawajatoa hata pesa ya maziwa. Na katika mabishano hayo yote hutamkwa kama jambo lililokwisha kuamuliwa kwamba baba ni damu, na damu ikikataa, baba hakuna. Lugha ambayo imezipa sheria nyingi za dunia msamiati wake haikufikiri hivyo. Kilatini kilikuwa na maneno matatu ya kumtaja baba, na neno lake la ubaba, *paternitas*, lilichipuka mahali ambapo wengi wasingetarajia.

Tuanze na *pater* mwenyewe. Ni neno kongwe kuliko Roma, na lina ndugu waliotapakaa kutoka Bengali hadi Ayalandi: *pitar* katika Kisanskriti, *patēr* katika Kigiriki, *pedar* katika Kiajemi, *Vater* katika Kijerumani, na *athir* katika Kiayalandi cha kale, ambako sauti ya *p* ilimezwa kabisa. Mjerumani Jacob Grimm alieleza mwaka 1822 jinsi *p* ya kale ilivyogeuka *f* upande wa lugha za Kijerumani. Likabaki fumbo dogo lililowasumbua wataalamu kwa nusu karne. Kilatini kina *t* katika *pater* na vilevile katika *frater*, yaani ndugu. Kwa nini basi Kigothi kiwe na *d* kwa baba na sauti ya *th* kwa ndugu? Katika miaka ya 1870, Karl Verner wa Denmark alionyesha kwamba jibu lilikuwa katika mkazo. Kisanskriti kilitia mkazo mwishoni mwa neno la baba na mwanzoni mwa neno la ndugu, na tofauti hiyo, iliyokwisha kupotea katika Kijerumani, ilikuwa imeacha alama yake kwenye konsonanti. Mpaka leo wanafunzi wa isimu husoma Sheria ya Verner, na neno la baba ndilo mfano wa kwanza wanaopewa.

Kuhusu asili ya neno hilo, wako waliosema *pa* ni mzizi wa kulinda, kwa hiyo baba ni mlinzi. Ni maelezo ya kupendeza, lakini wanaisimu wengi sasa wanaona kwamba *pa* ni silabi ya mtoto mchanga tu, iliyovikwa kiambishi cha jamaa kilekile kilichomo katika *mater* na *frater*. Mtoto alitoa sauti, na watu wazima wakaivalisha suti.

Suti hiyo ilimkaa mtu mkubwa. Tunapolikuta neno hili katika maandishi ya kwanza ya Kilatini, limeshakuwa cheo. Jupiter, mungu mkuu wa Warumi, ana *pater* ndani ya jina lake: ni Anga-Baba, sawa na Zeus wa Wagiriki aliyeitwa baba na Dyaus wa Wahindi wa kale. Maseneta waliitwa *patres*. Bwana aliyemwachia huru mtumwa wake akawa *patronus*, na mtumwa yule akaendelea kumwia utii. Émile Benveniste, mwanaisimu wa Ufaransa aliyechapisha mwaka 1969 kitabu kikubwa juu ya msamiati wa asasi za watu wa kale wa Ulaya na Asia, alisisitiza kwamba *pater* hakuwa kwanza mtu aliyezaa. Aliyezaa alikuwa na neno lake, *genitor*. Na mama na baba kwa pamoja waliweza kuitwa *parens*, kutokana na kitenzi cha kuzaa, kama sisi tunavyopata mzazi kutoka zaa. *Pater* alikuwa mwenye nafasi: anayesimama juu ya wengine na kuwajibika kwa ajili yao mbele ya miungu na mbele ya sheria.

Ndiyo maana mtu aliweza kuwa *paterfamilias*, baba wa nyumba, bila kuwa na mtoto hata mmoja. Ulpianus, mwanasheria wa mwanzoni mwa karne ya 3 BK, analieleza hilo waziwazi: jina hilo halimtaji mtu tu, linataja haki yake. Mvulana mdogo asiye na baba wala babu alikuwa *paterfamilias* kisheria, ingawa alihitaji msimamizi. Na *familia* yenyewe inatokana na *famulus*, mtumishi au mtumwa. Ilikuwa jumla ya watu na mali iliyokuwa chini ya mkono mmoja.

Mkono huo uliitwa *patria potestas*. Gaius, mwalimu wa sheria aliyeandika karibu na mwaka 161 BK, alijua kwamba karibu hakuna watu wengine waliokuwa na mamlaka kama hayo juu ya watoto wao. Hayakukoma mtoto alipokuwa mtu mzima, wala alipooa, wala yeye mwenyewe alipopata watoto. Yalikoma baba alipofariki, au alipoyaachia kwa hiari. Mwanamume wa miaka hamsini, aliyekwisha kuongoza majeshi na kuhukumu kesi, ikiwa baba yake yu hai, hakuwa na shamba lake wala fedha yake. Alichokipata kilikuwa cha baba. Tangu enzi za kaisari Augusto askari waliruhusiwa kumiliki walichochuma vitani, na huo ukawa upenyo mmoja. Kwa jadi ya kale baba alikuwa hata na haki ya kuamua uhai wa mwanawe.

Sheria za Mbao Kumi na Mbili, za mwaka 451 na 450 KK, ziliweka mpaka mmoja: baba akimuuza mwanawe mara tatu, mwana anakuwa huru. Ilikuwa adhabu kwa baba mwenye tamaa. Baadaye wanasheria waliigeuza ikawa mlango. Baba aliyetaka kumweka mwanawe huru alimtafuta rafiki, akamuuza mwana kwake mara tatu kwa maigizo, na mwana akatoka akiwa mtu wa kujitegemea. Tendo hilo liliitwa *emancipatio*. Neno ambalo lugha nyingi za Ulaya hulitumia kwa ukombozi wa watumwa lilianzia kwa mtoto kutolewa mkononi mwa baba yake.

Mfumo huo uliumiza, na Warumi walijua. Wakati wa kaisari Vespasiano, katika karne ya 1 BK, Seneti ilipitisha azimio la kuwanyima wakopeshaji haki ya kuwadai wana walio chini ya mamlaka ya baba. Linaitwa azimio la Macedo, kwa jina la mtu ambaye madeni yake yalimsukuma kwenye uhalifu. Mantiki yake inatisha: kijana mwenye mkopo ambao hawezi kuulipa mpaka arithi ana sababu ya kuomba baba afe mapema. Mwanahistoria Richard Saller alionyesha, katika kitabu cha mwaka 1994, kwamba kwa kuwa wanaume walichelewa kuoa na vifo vilikuwa vingi, Warumi wengi walikuwa wamefiwa na baba kabla hawajafika umri wa kuoa. Kwa maisha ya kila siku basi, mamlaka hayo hayakuwa ya kutisha kama yalivyo katika vitabu. Nakubaliana naye kuhusu hesabu. Lakini sheria hufundisha hata pale isipotumika, na mafundisho ya hii yalikuwa kwamba baba ni mmiliki.

Maneno yenyewe yanalisema. Chukua kiambishi *-monium*. Kikiunganishwa na mama kinatoa *matrimonium*, ndoa, hali ya kumfanya mwanamke kuwa mama. Kikiunganishwa na baba kinatoa *patrimonium*, mali ya urithi. Mama anapata ndoa, baba anapata mashamba.

Hata taifa lilipewa baba wa namna hiyo. Mwaka 2 KK Seneti ilimpa Augusto jina la *pater patriae*, baba wa nchi, heshima ambayo Cicero naye alikuwa amewahi kushangiliwa nayo. Dola nyingi zimeiga cheo hicho, na sisi tunalo letu la Baba wa Taifa. Naliheshimu, na simlinganishi Nyerere na makaisari. Ila nafurahi kwamba jina lililomkaa vizuri zaidi midomoni mwa watu ni Mwalimu, kwa sababu mwanafunzi hukua na siku moja humbishia mwalimu wake, na mwana wa Roma hakuwa na ruhusa hiyo.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Kilatini kilikuwa na vivumishi viwili vya baba. Cha kwanza ni *patrius*, kikongwe, chenye wenzake katika Kigiriki na Kisanskriti. Ndicho kilichobeba mamlaka, *patria potestas*, na ndicho kilichotoa *patria*, nchi ya baba. Benveniste aligundua kwamba kivumishi hiki hakina mwenzake wa kike. Hakuna *matrius*. Mama hakuwa na mamlaka ya kisheria juu ya mtoto, basi hakuhitaji kivumishi cha mamlaka. Alichokuwa nacho ni *maternus*: cha mama, kilichotoka kwa mama, chenye asili ya mama. Na kwa maoni ya Benveniste, hicho *maternus* ndicho kilichotangulia, kisha kwa kukifuata kikaundwa kivumishi cha pili cha baba, *paternus*. Ni kivumishi cha nyumbani. Kilisemwa juu ya shamba la baba yako, tabia ya baba yako, sauti ya baba yako. Baba fulani mwenye jina, wala si cheo.

*Paternitas* imejengwa juu ya *paternus*, kwa kuongeza kile kiambishi *-tas* cha kutengeneza majina ya hali, kilichomo pia katika *libertas*, uhuru. Haikujengwa juu ya *patrius*. Neno la ubaba halikutoka kwenye kivumishi cha mamlaka. Lilitoka kwenye kile ambacho, kama Benveniste yuko sahihi, kilifinyangwa kwa kufuata cha mama. Na lilichelewa mno. Huwezi kulikuta kwa Cicero. Kwa karne nyingi watu walioandika mno juu ya haki za baba hawakuwa na haja ya jina la hali ya kuwa baba. Cheo kiliwatosha.

Waliolihitaji ni Wakristo. Linatokea katika tafsiri ya Kilatini ya barua ya Paulo kwa Waefeso, sura ya 3, aya ya 15, mahali ambapo Kigiriki kina neno lenye maana ya ukoo au jamaa. Watafsiri wa Kilatini wakachagua *paternitas*, na watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, katika aya hiyohiyo, wakaandika ubaba. Augustino naye alilitumia, na huyu alikuwa mtu wa bara letu: alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Baadaye neno hilo lilitumika pia kumtaja askofu kwa heshima, kama tunavyosema Mheshimiwa. Ubaba ukawa sifa ya wanaume ambao wengi wao hawakuwa na watoto wa kuzaa, ila walitarajiwa kulisha, kufundisha, kuonya na kuzika. Wareno walipokuja pwani yetu walikuwa na *padre* wao, mjukuu halali wa *pater*, na Kiswahili kikamfanya padri. Muumini wa Bagamoyo anayesema ameongea na padri anatumia neno la Jupiter na la maseneta, likiwa limekwisha kuvuliwa upanga.

Nimesema maneno ni matatu. La tatu ni *tata*. Varro, msomi wa karne ya 1 KK, alirekodi kwamba watoto wa Roma waliita chakula *pappa*, mama *mamma* na baba *tata*. Mkongo anayezungumza Kilingala au Mganda atalitambua mara moja, maana nao humwita baba *tata* na *taata*. Hakuna undugu wa lugha hapo. Roman Jakobson alieleza katika makala maarufu iliyochapishwa mwaka 1960 kwamba watoto wa dunia nzima huanza na konsonanti nyepesi za midomo na ufizi, na wazazi huzipokea sauti hizo kama majina yao. Baba yetu wa Kiswahili ni wa kundi hilohilo.

Lakini *tata* wa Roma ana habari zaidi. Mwanahistoria Keith Bradley aliyachunguza maandishi ya makaburi ya mji huo na kuwakuta wanaume wengi waliotajwa kwa jina hilo ambao hawakuwa wamewazaa watoto waliowaita hivyo. Walikuwa walezi, mara nyingi watumwa au watu walioachwa huru, waliowabeba watoto wa wengine, wakawalisha na kuwatembeza. Sheria haikuwajua. Mtoto aliwajua, na wakati mwingine familia ilitumia fedha kuchonga neno hilo kwenye jiwe. Karne zikapita, Kilatini kikazaa lugha nyingine. Kiitaliano na Kihispania vikabaki na *padre*, Kifaransa kikawa na *père*, Kireno *pai*. Kiromania kilifanya uamuzi tofauti: kikamwacha *pater* kabisa na kumwita baba *tată*. Katika nchi nzima, mlezi akamrithi mwenye mamlaka.

Haya yote yanagusa mahakama zetu kwa karibu kuliko inavyodhaniwa. Karibu na mwaka 200 BK, mwanasheria Paulus aliandika kanuni kwamba mama hujulikana daima, na baba ni yule ambaye ndoa inamwonyesha. Mbao Kumi na Mbili zilikuwa tayari zimekubali kuwa halali mtoto aliyezaliwa ndani ya miezi kumi baada ya kifo cha baba. Kanuni ya Paulus iliingia katika mkusanyiko wa sheria wa kaisari Justiniani mwaka 533, na maana yake ikaandikwa tena katika sheria ya kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804. Waingereza walikuwa na kanuni kama hiyo. Waliiandika katika Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, na kutoka huko ikavuka bahari. Kifungu cha 118 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinasema kwamba mtoto aliyezaliwa ndoa ikiwa hai, au ndani ya siku 280 baada ya kuvunjika huku mama hajaolewa tena, ni mtoto halali wa mume, isipokuwa ithibitike kwamba wawili hao hawakuweza kukutana. Siku 280 ni miezi kumi ya siku ishirini na nane. Na Waislamu wa pwani walikuwa na kanuni yao, inayomhesabu mtoto kuwa wa firashi, yaani wa kitanda cha ndoa, karne nyingi kabla hajafika hakimu wa Kiingereza.

Watu hudhani kanuni hizi zilitungwa kwa sababu wazee hawakuwa na vipimo. Sikubali. Warumi waliujua uzinzi vizuri. Augusto aliutungia sheria kali. Walichoamua ni kwamba mtoto asiachwe akining'inia kati ya shaka za wakubwa. Ndoa ilimfunga mume awe baba hata pale moyo wake ulipomnong'oneza vingine. Ni kanuni iliyowalinda watoto wengi, na kasoro yake kubwa haikuwa kwa mume. Ilikuwa kwa mtoto wa nje ya ndoa, ambaye baba yake aliweza kutembea barabara ileile kila siku bila kuguswa na sheria.

Hapo ndipo vinasaba vina kazi ya heshima. Alec Jeffreys wa chuo kikuu cha Leicester aligundua mbinu ya alama za vinasaba mwaka 1984, na kesi ya kwanza iliyotatuliwa nayo, mwaka 1985, ilimhusu mvulana wa familia yenye asili ya Ghana aliyezuiwa kuingia Uingereza. Swali lilikuwa kama mama yake ni mama yake kweli. Kipimo kilimrudisha kwa mama. Huko ndiko kilikoanzia, kumuunganisha mtoto na mtu anayemtaka, na inasikitisha jinsi mazungumzo yetu yanavyokitumia zaidi kumtenganisha.

Mwanamume anayeruka mimba apimwe, tena upesi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 53, inampa mtoto haki ya matunzo ya mama na baba kwa wajibu ulio sawa, wawe wameoana au hawajaoana; na mwaka 2016 Mahakama Kuu mjini Nairobi ilitamka kwamba kifungu kilichozuia jina la baba asiyeoa kuandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa bila ridhaa yake kinakiuka katiba. Huo ni uamuzi wa haki. Lakini mwanamume aliyemlea mtoto miaka kumi, akamlipia ada, akakesha naye hospitalini, kisha akamfukuza kwa sababu ya karatasi ya maabara, amemtafuta *genitor* na kumuua *tata*. Uchungu wake dhidi ya mkewe naweza kuuelewa. Mtoto hakumdanganya.

Tanzania ina sheria inayotoa nafasi ya kufikiri kwa upana huo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inapotaja mambo ambayo mahakama itayazingatia kuthibitisha uzazi, inaweka majibu ya vinasaba katika orodha moja na jina lililoandikwa kwenye daftari la vizazi, sherehe ya kimila iliyofanywa na baba, na kukiri hadharani kwamba mtoto ni wako. Vinasaba ni kipengele kimojawapo. Mawakili wanaokimbilia kipengele hicho peke yake wanaacha sehemu kubwa ya sheria mezani, na mahakimu wana mamlaka kamili ya kuwauliza ni nani aliyempa mtoto jina, ni nani aliyemtambulisha kwa shangazi na wajomba, na ni nani mtoto mwenyewe amezoea kumwita baba.